Kula Vizuri kwa Fedha Kidogo: Historia ya Chakula cha Msafiri katika Mwambao wa Rumonge

Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu anapokwenda uwandani hubeba daftari, kinasasauti na posho kidogo. Vitabu vya mbinu za utafiti humfundisha namna ya kuchagua watoataarifa na namna ya kuhifadhi data, lakini havimwambii atakula nini kwa wiki mbili katika mji asioujua. Matokeo yake ni kwamba wengine hushindia mikate na soda. Wengine humaliza fedha zao katika hoteli za ufukweni siku nne za mwanzo, kisha hurudi nyumbani kabla kazi haijakamilika. Jambo hili si dogo, kwa sababu tasnifu iliyojengwa juu ya data za siku nne huwa na pengo ambalo msimamizi hawezi kuliziba.

Katika makala haya tunalitazama suala hilo kwa jicho la historia. Tumechagua mji wa Rumonge na mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika kwa sababu ni eneo ambalo Kiswahili kimezoeleka sokoni na bandarini kwa vizazi vingi, na kwa hiyo huwavutia wanafunzi wetu. Rumonge uko kilomita 70 hivi kusini mwa Bujumbura, kwenye Barabara ya Taifa Namba 3. Ulifanywa makao makuu ya mkoa mwaka 2015, na tangu mgawanyo mpya wa mikoa wa mwaka 2025 umekuwa sehemu ya mkoa wa Burunga.

Hoja yetu ni hii: tangu zama za misafara hadi leo, msafiri aliyekula vizuri kwa gharama ndogo katika mwambao huu hakuwa lazima yule mwenye mali nyingi. Alikuwa yule aliyejua mambo matatu: ziwa na nchi yake vinatoa nini, vinakitoa wakati gani, na chakula hicho kinaitwaje. Mambo mawili ya kwanza ni ya jiografia na maumbile. La tatu ni la lugha, nalo linatuhusu sisi walimu moja kwa moja.

Posho, hongo na sofi

Kumbukumbu za maandishi kuhusu chakula cha wasafiri katika ziwa hili zinaanzia Ujiji, karibu na Kigoma ya leo. Ujiji uko upande huo huo wa mashariki wa ziwa, kusini mwa mpaka wa Burundi. Ndiko misafara kutoka pwani ilikoishia, na ndiko mitumbwi ya kwenda mwambao wa Burundi ilikoanzia. Kwa hiyo anayetaka kujua wasafiri wa kwanza walikula nini Rumonge hana budi kuanzia hapo.

Waingereza Richard Burton na John Speke waliliona ziwa tarehe 13 Februari 1858. Walifika kwa njia iliyokuwa tayari imezoeleka kwa wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi, na waliongozwa na taratibu za safari walizozikuta. Utaratibu mmojawapo ulikuwa ule wa posho. Katika misafara, posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi, ambacho kwa kawaida kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka. Kibaba ni robo ya pishi, na wanafunzi wetu wanakijua zaidi kupitia methali ya haba na haba kuliko kupitia chakula chenyewe. Pale ambapo nafaka haikupatikana, mpagazi alipewa shanga au kipande cha nguo akajinunulie mwenyewe. Neno posho likaanza kubeba maana mbili: chakula chenyewe, na kile kinachonunulia chakula.

Maana hizo mbili zimegawana Afrika ya Mashariki hadi leo. Nchini Uganda na katika sehemu za Kenya, posho ni ugali wa mahindi au unga wake. Nchini Tanzania na kwetu Burundi, posho ni fedha anayolipwa mtumishi au mwanafunzi akiwa safarini. Mwanafunzi anayesaini fomu ya posho kabla ya kwenda Rumonge anarithi neno la mpagazi wa karne ya 19, na pengine hana fedha nyingi kumzidi.

Neno la pili ni hongo. Leo kamusi zinalifasili kuwa rushwa. Katika zama za misafara lilikuwa ushuru wa njia, aliotozwa msafiri na mtawala wa nchi anayopita. Novemba 1871, David Livingstone na Henry Stanley walisafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji kuelekea kaskazini, wakiambaa na pwani ya Burundi, ili kuthibitisha kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Walithibitisha kwamba unaingia. Jiwe lililoko Mugere, kusini mwa Bujumbura, limechorwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Njiani suala la hongo liliwafuata. Wasomaji wengi wa leo huona hapo unyang'anyi tu, lakini hongo ilikuwa na upande wa pili. Katika safari za wakati huo, mtawala aliyeridhika aliweza kumrudishia mgeni mbuzi au unga, na kuwaruhusu watu wake wamuuzie chakula. Aliyegombania hongo aliweza kulala na njaa mbele ya mashamba yaliyojaa.

Neno la tatu, sofi, limekufa. Sofi zilikuwa shanga zilizofanana na vipande vilivyovunjika vya mrija wa kiko, nazo zilitumika kama fedha katika soko la Ujiji. Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, alieleza jambo la kuvutia: soko lilipoanza, watu fulani walizunguka na mikoba ya sofi wakiwabadilishia wanunuzi bidhaa zao kwa shanga, na soko lilipokwisha walizunguka tena kuzinunua kutoka kwa wauzaji. Kila ubadilishaji uliwaachia faida. Kwa maneno ya leo, walikuwa wauza chenji.

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu ndilo kiini cha kula kwa gharama ndogo. Msafiri mwenye doti za nguo peke yake alilazimika kununua kwa wingi, kwani doti haiwezi kukatwa kwa ajili ya samaki mmoja. Mwenye sofi aliweza kununua samaki wawili, kipimo kimoja cha mafuta na muhogo wa chakula cha jioni. Hata mwenye mali nyingi alihitaji kitu kidogo cha kununulia kitu kidogo.

Mfano wa aliyekosa vyote ni Livingstone mwenyewe. Aliporudi Ujiji mwezi Oktoba 1871, akiwa dhaifu baada ya safari ya Manyema, alikuta mtu aliyeachiwa bidhaa zake, aliyeitwa Sherif, ameziuza zote. Mzee huyo alikuwa katika soko lenye chakula tele la ziwa hili, akiwa hana kitu cha kununulia. Mfanyabiashara mmoja wa Ujiji, Syed bin Majid, alijitolea kuuza pembe zake za ndovu ili amsaidie. Siku chache baadaye Stanley akafika na shehena yake. Habari ya mkutano wa wawili hao inajulikana duniani kote. Habari ya mwenyeji aliyetaka kumlisha mgeni haisimuliwi sana.

Hata hivyo, hatuwezi kuisifu misafara hiyo bila kusema ukweli wote. Misafara iliyonunua mihogo na samaki ilinunua pia watu. Katika miaka ya 1880, Mohamed bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, aliitawala biashara ya Ujiji na kujaribu kueneza mamlaka yake katika mwambao wa Burundi. Alizuiwa kuingia bara na majeshi ya mwami Mwezi Gisabo. Hapo Rumonge, Mapadre Weupe walifungua kituo mwaka 1879. Tarehe 4 Mei 1881 wamisionari watatu wa kituo hicho waliuawa baada ya ugomvi na watu wa mtawala wa hapo, na kituo kikaachwa. Mwambao huu haukuwa mahali pa amani tu ambapo kila mgeni alikaribishwa mezani.

Kwa nini Rumonge palishiba

Rumonge iko katika Imbo, ukanda mwembamba wa tambarare kati ya ziwa na milima. Uso wa ziwa uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Nyuma ya mji, katika umbali mfupi, milima inapanda hadi kuzidi mita 2,000. Kwa sababu hiyo, mazao ya nchi za joto na mazao ya nchi za baridi hukutana katika soko moja. Kutoka ziwani na tambarare huja samaki, mawese, muhogo, mpunga na ndizi. Kutoka milimani huja maharage, viazi na maziwa. Tangu kabla ya misafara ya pwani, watu wa milimani waliteremka na mizigo yao na kupanda na samaki wakavu, mafuta na chumvi. Chumvi yenyewe ilitoka Uvinza, nchi ya Tanzania ya leo, nayo ilisafirishwa kuzunguka ziwa hili kwa mitumbwi.

Mengi ya mazao tunayoyaita ya asili ni wageni pia. Mahindi, maharage, muhogo na viazi vitamu vilizaliwa Amerika, vikavuka Atlantiki baada ya Wahispania na Wareno kufika huko, vikaenea Afrika kwa mikono ya wakulima na wachuuzi. Mchele uliletwa katika miji ya ziwa na watu wa pwani. Sahani moja ya Rumonge yenye ugali wa muhogo, maharage kwa mawese na ndagala ni mkusanyiko wa mabara mawili na ziwa moja.

Mchikichi haukuja na Wazungu. Asili yake ni Afrika Magharibi, lakini Burton aliukuta ukistawi katika mwambao huu mwaka 1858, na wenyeji walikuwa wakiyatumia mafuta yake. Namna ya kuyatengeneza nyumbani ni rahisi kueleza ingawa ni kazi nzito: matunda huchemshwa, hupondwa, kisha hukamuliwa na mafuta mekundu huenguliwa. Katika miaka ya 1970 serikali ya Burundi ilianzisha mradi wa kuendeleza kilimo cha michikichi ya mbegu bora Rumonge, na hadi leo mji huo ndio unaotajwa kwanza nchini panapozungumzwa mawese. Kwa msafiri mwenye fedha chache mawese yana faida mbili. Huuzwa kwa vipimo vidogo, na hukipa chakula cha kawaida ladha na nguvu bila nyama. Wekundu wake unatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Wapishi wanaoyachoma mafuta hadi yawe meupe huipoteza faida hiyo.

Mwezi na bei ya ndagala

Samaki anayelisha watu wengi zaidi hapa ni mdogo kuliko wote. Ndagala ni jina la samaki wa aina mbili, ambao wanasayansi wanawaita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Mchana hukaa kwenye maji yenye kina. Usiku hupanda juu kufuata vijidudu wanavyokula, na huvutwa na mwanga. Wavuvi walilijua jambo hilo zamani. Waliwasha moto wa kuni au matete mbele ya mtumbwi, wakawateka samaki kwa wavu wa mpini uitwao lusenga. Katika miaka ya 1950 wavuvi Wagiriki walileta nyavu kubwa za kuzungushia, na taa za karabai zikachukua nafasi ya kuni. Baadaye ukaenea uvuvi wa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, yenye wavu unaoteremshwa chini ya taa na kuinuliwa. Siku hizi taa za betri na za nishati ya jua zimezishinda karabai.

Kutokana na utaratibu huo, bei ya ndagala hufuata mwezi. Usiku wa giza taa huvuta samaki wengi. Mwezi unapokuwa mpevu mwanga wake huenea ziwani kote, taa hupoteza nguvu, na wavuvi hupumzika kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mwenyeji hanunui ndagala wabichi wakati wowote tu. Hununua giza linapokuwa refu, asubuhi mitumbwi inapotia nanga, na hukausha au hununua wakavu kwa ajili ya siku za mbalamwezi. Mgeni asiyetazama anga hufika sokoni wakati wa mwezi mpevu, akakuta bei imepanda, akadhani anaibiwa kwa kuwa ni mgeni. Kumbe hata mama wa hapo hapo analipa bei ile ile, au ameamua kupika maharage.

Kukausha nako kuna historia yake. Kwa miaka mingi ndagala walianikwa juu ya mchanga, wakaliwa na kuku na kuoza mvua iliponyesha. Katika karne hii Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilisaidia kueneza vichanja vya nyavu vilivyoinuliwa juu ya ardhi, na hasara ikapungua. Mnunuzi makini humwaga ndagala kiganjani na kutazama: waliokaushwa kichanjani hawaachi mchanga. Samaki hawa huliwa wazima pamoja na mifupa yao, kwa hiyo fungu dogo huongeza madini ya chokaa na protini katika mlo ambao kwa bei haukaribii kabisa ule wa nyama.

Majina sokoni

Hapa ndipo somo la lugha linapoingia. Mwanafunzi aliyesoma Kiswahili sanifu darasani anaweza kupita mbele ya chakula anachokitafuta bila kukitambua. Akiuliza dagaa ataeleweka, lakini mwenyeji atasema ndagala, kama wasemavyo ndugu zake wa ng'ambo ya ziwa, Uvira na Baraka. Akiuliza kisamvu ataonyeshwa sombe. Mchicha ni lengalenga. Ugali ni bugali. Matunda ya mchikichi huitwa ngazi katika Kiswahili cha Kongo, neno linalokaribiana na ikigazi la Kirundi, ambalo ndilo jina la mti. Mawese kwa Kirundi ni amamesa. Samaki anayeitwa mgebuka Kigoma ni mukeke hapa Burundi.

Majina yanaweza pia kupotosha. Dagaa wa Ziwa Victoria na ndagala wa Tanganyika si samaki mmoja. Yule wa Victoria, Rastrineobola argentea, ni wa jamii nyingine kabisa, ilhali ndagala ni jamaa wa dagaa wa baharini. Limnothrissa alipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na huko anaitwa sambaza. Kwa upande mwingine mukeke, sangala wa Tanganyika na sangara wa Victoria wote ni wa jenasi moja ya Lates, ingawa ni spishi tofauti. Anayejua hivyo haoni ajabu bei na ladha zikitofautiana, wala hadanganywi na jina.

Kirundi nacho kimeandika historia hii katika msamiati wake. Isoko, iduka, isahani, isafuriya, imeza, umuceri, isukari, icayi, igitunguru: maneno yote haya yalipita katika Kiswahili kabla ya kuingia nyumba za Warundi. Ukiyapanga pamoja unapata picha ya kile kilicholetwa na watu wa misafara na maduka, yaani mahali pa kununulia, vyombo vya kupikia na kulia, na vyakula vichache vya anasa. Lakini majina ya samaki na muhogo hayakukopwa kutoka pwani. Mgeni alileta sahani, mwenyeji alikuwa na cha kuweka ndani yake.

Pamoja na hayo, Kiswahili hakikuheshimiwa daima nchini. Kwa miaka mingi neno Mswahili lilibebeshwa maana ya mtu mjanja wa mjini asiyeaminika, na lugha yenyewe ikahesabiwa kuwa ya soko tu. Burundi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, Kiswahili kikapata nafasi mpya shuleni. Tunaona si haki lugha hiyo ikiingia darasani ikaacha mlangoni msamiati wa soko uliokitunza.

Waliokimbia na waliorudi

Historia ya chakula cha Rumonge haiwezi kuandikwa bila mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili mwaka huo uasi ulianza katika maeneo ya kusini, Rumonge na Nyanza-Lac yakiwemo, na watu wengi wakauawa. Mauaji yaliyofuata yaliyofanywa na vyombo vya dola yalienea nchi nzima. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Wengine wengi walivuka kwenda Tanzania, wakaishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huko nyuma mashamba mengi waliyoyaacha yaligawiwa wengine, na baadhi yaliingizwa katika mradi wa serikali wa michikichi. Mtu aliyekuwa akikamua mawese yake mwenyewe akawa mkulima wa mahindi na tumbaku katika nchi ya ugeni.

Maelfu yao walirudi kati ya mwaka 2008 na 2010, wengi wakielekea Rumonge na Nyanza-Lac. Walirudi na watoto waliozaliwa na kusoma Tanzania, waliozungumza Kiswahili sanifu kuliko Kirundi. Walikuta michikichi ya baba zao ikivunwa na watu wengine, ambao nao walikuwa wameishi hapo zaidi ya miaka 30. Tume ya Kitaifa ya Ardhi na Mali Nyingine (CNTB), iliyoundwa mwaka 2006, ilipokea mashauri mengi kutoka eneo hili. Mwanafunzi wetu anaponunua chupa ya mawese na kuuliza yametoka shamba la nani, huenda anagusa jeraha. Adabu inamtaka kwanza asikilize.

Ushauri kwa msafiri wa leo

Kutokana na historia hii tunaweza kutoa ushauri wa vitendo. Kwanza, msafiri abebe noti ndogo, kama mnunuzi wa Ujiji alivyohitaji sofi. Muuzaji wa mafungu hana chenji ya noti kubwa, na anayelazimika kununua kwa wingi hatumii kidogo. Pili, aende sokoni asubuhi na mapema, atazame kalenda ya mwezi kabla ya kupanga safari, na anunue ndagala wakavu mbalamwezi inapokaribia. Tatu, ale katika migahawa midogo iliyo karibu na soko na kituo cha mabasi, wanakokula madereva na wachuuzi. Huko mlo wa maharage, sombe na bugali hupikwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi nzito na kulipa kwa fedha zao wenyewe. Kwa sombe asiwe na haraka: majani ya muhogo yana sumu inayoondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu, na mpishi mzoefu hukataa kuyaharakisha.

Nne, asijenge mlo wake wote juu ya mukeke wa kuchoma. Ni samaki mtamu, na kumla mara moja ni sehemu ya kuujua mwambao huu. Hata hivyo, samaki huyo amekuwa mlo wa wageni na sherehe. Tano, aamkie kabla ya kuuliza bei. Mwanafunzi anayesema "Shikamoo mama, fungu hili faranga ngapi?" hupata bei na mara nyingi maelezo ya kupika, ambayo nayo ni data.

Kuna jambo zito zaidi. Chakula tulichokiita cha bei nafuu hakina hakika ya kubaki hivyo. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2003 ulionyesha kwamba kupanda kwa joto kumepunguza mchanganyiko wa maji ya Ziwa Tanganyika, na hivyo kupunguza uzalishaji wa viumbe vinavyoliwa na samaki kwa takriban asilimia 20. Aidha, wavuvi wameongezeka na nyavu za matundu madogo hukamata samaki wachanga. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika sehemu yake ya ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Katika miaka hiyo hiyo maji ya ziwa yalipanda na kuingia katika makazi ya watu wa Rumonge. Anayeumia kwanza si mgeni, ambaye anaweza kurudi kwao. Ni mama wa mlimani aliyezoea kununua ndagala kidogo kwa ajili ya watoto, na ambaye sasa anaondoka sokoni na chumvi peke yake.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kula vizuri kwa fedha kidogo katika mwambao wa Rumonge kumetegemea maarifa ya mahali, ya majira na ya majina, tangu zama za kibaba na sofi hadi leo. Tunapendekeza mambo matatu kwa idara yetu. Kila mwanafunzi anayekwenda uwandani apewe kwanza orodha ya majina ya vyakula, samaki na vipimo vya eneo analokwenda, na arudi ameiongezea. Masomo ya leksikografia yatumie msamiati wa soko la ziwa, ambao sehemu yake kubwa haimo katika kamusi zetu. Hatimaye, tarehe za ziara zipangwe kwa kutazama mwezi, na posho ya uwandani itolewe kwa noti ndogo. Mapendekezo haya hayahitaji bajeti mpya, na wanafunzi wa ziara ijayo wanaweza kuyajaribu.